Kwa anayeanza kupanda jukwaani: funga utani kwanza

Nawaandikia ninyi mnaoanza uchekeshaji wa jukwaani, hasa mliojifunzia kwenye simu na sasa mnataka kushika maiki mbele ya watu. Kazi hii naifanyia Dar es Salaam, kwenye kumbi, sendofu na sherehe za maofisi. Vijana wenye kipaji nawaona kila wiki. Wengi wao wanaanguka kwa sababu wanatania watu ambao hawajawapa ruhusa.

Babu zetu walilijua hili kuliko sisi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali kati ya 1878 na 1882, na wajukuu wao leo ni watani. Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara hadi pwani walijenga utani na Wazaramo. Mtani anaweza kufika msibani, akashuka kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Afanye hivyo mtu baki, atatolewa kwa fimbo. Kichekesho kimebebwa na mapatano yaliyokuwepo kabla hakijasemwa, na mapatano hayo yana pande mbili: anayetania hutaniwa, na hana ruhusa ya kukasirika.

Sasa angalia ukumbi wa mjini. Kuna mama aliyeletwa na binti yake, wanachuo waliochangiana kiingilio, mfanyabiashara wa Kariakoo, na wawili walio kwenye miadi yao ya kwanza. Hakuna hata mmoja mwenye utani na wewe. Kwa hiyo dakika zako za mwanzo zitumie kuufunga, yaani kufanya mapatano hayo na ukumbi. Wape kitu cha kukutania: kimo chako, kwenu, kazi uliyoiacha. Muulize mtu jambo, kisha msikilize kweli. Akikujibu kwa kichekesho kizuri, mwache ashinde, ukumbi umpigie makofi. Watu wakishaona kwamba wewe unataniwa, ndipo wanapokuruhusu kugusa ndoa zao, dini zao na mifuko yao.

Ndiyo maana nawaomba, kwa moyo wangu wote, muachane na kile kichekesho cha mlinzi Mmasai asiyejua Kiswahili. Mlinzi mwenyewe yuko pale mlangoni, anasikia kila neno, na hana maiki ya kukujibu. Hapo hakuna utani. Ni hivyo hivyo kwa mwenye ulemavu na kwa dada wa kazi. Kicheko utakipata, sikatai, ila ni cha bei rahisi na hakikujengi.

Kuhusu kuandika. Mgeni wa kazi hii huja na mada: "michango ya harusi imezidi." Hiyo kila mtu anaijua, na hata bungeni inaweza kusemwa. Kichekesho kinaanza pale unapomwona mtu mmoja akifanya kitu kimoja. Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008, kisingizio cha "sikupata mtu wa kumpa pesa" kimekufa, na kundi la WhatsApp la kamati linaorodhesha majina ya waliotoa na wasiotoa. Ndani ya kundi hilo mtafute mjomba. "Kikao cha kwanza mjomba aliahidi ng'ombe. Kikao cha pili akasema mbuzi. Kikao cha tatu akatuma picha ya kuku." Angalia kuku amekaa wapi: neno la mwisho kabisa. Ukisema "kuku ndiye aliyetumwa picha yake kwenye kikao cha tatu," umeshatoboa siri mapema na watu hawana cha kungoja. Kiswahili kinakuruhusu kupanga sentensi kwa namna nyingi, basi ipange mpaka neno linaloshtua liwe mkiani. Ukishalitamka, nyamaza. Wageni wengi huua kicheko chao wenyewe kwa kuongeza maelezo wakati watu wameshaanza kucheka.

Watazameni wakongwe, tena kwa makini ya mwanafunzi. Amri Athuman wa Tanga, King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa anachekesha kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi anavyomtazama mwenzake. Joti wa kundi la Ze Comedy akiigiza bibi, mgongo, sauti na hata hasira zote ni za bibi. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass walimwigiza Rais Moi akiwa bado Ikulu, jambo ambalo watu walikuwa wakilifanya kwa kunong'ona sebuleni. Ujasiri walikuwa nao, lakini mimi huona kazi kubwa zaidi katika uchunguzi: sauti, rungu, mwendo. Huwezi kumwigiza mtu ambaye hujamtazama vya kutosha.

Kisha kuna klipu. Utani uliofungwa ukumbini hauendi pamoja na video. Aliyeko Mwanza au Muscat anakutana na sekunde arobaini zisizo na mwanzo, na anakuhukumu kwa hizo. Ukumbini ulikuwa na ruhusa. Kwenye simu yake wewe ni mtu baki. Sheria nayo ipo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015, na Mei 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa Dar es Salaam baada ya kusambaa video akicheka picha ya zamani ya Rais Magufuli. Soma sheria kabla hujarusha kitu. Na kichekesho kinachoendelea kukua usikirushe kabisa, maana watu wakishakiona mtandaoni hawatakicheka tena ukumbini. Rusha ulichomalizana nacho.

Malipo nisiyarefushe: chukua nusu kabla ya siku ya shughuli, kwa maandishi, hata kama aliyekuita ni binamu yako.

Kila ukipanda, rekodi sauti peke yake, kwa sababu video itakufanya uangalie shati lako. Asubuhi sikiliza ukiwa na daftari. Weka alama walipocheka, walipokohoa, na mahali ulipoongea juu ya kicheko. Palipo kikohozi, usiwalaumu watu wala ukumbi. Rudi nyuma sentensi mbili tatu, mara nyingi tatizo liko huko. Irekebishe, kisha Jumamosi ijayo ijaribu tena kwa watu wengine.