SWALI: Mume wangu hana mbegu, mama mkwe anataka tutumie za shemeji. Je, inafaa?

Swali: Assalaam alaykum ustadh, naomba jina langu lisitajwe. Nina miaka 31, nimeolewa huu mwaka wa nane na sijabahatika mtoto. Miaka yote watu walijua tatizo ni mimi, na mimi nikanyamaza. Mwisho mume kakubali kupima, majibu yakaja hakuna mbegu hata moja. Juzi mama mkwe kaniita chumbani kwake kaniambia mbona jambo dogo, shemeji yako yupo na ana watoto wanne, zichukuliwe mbegu zake hospitali uwekewe kwa bomba, hakuna kulala na mtu, na damu ni ile ile mtoto atafanana na ukoo. Mume kakaa kimya, naona kama anataka. Nimesoma pia kuna masheikh wameruhusu. Nimechanganyikiwa ustadh.

Jibu: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Pole sana dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana kuna sehemu umeipita haraka na mimi ndo imenikaa, hiyo ya miaka yote kubeba jina la tasa ambalo si lako. Huku kwetu mwanamke ndo anapelekwa, mara kombe, mara mizizi, mara kukandwa tumbo na bibi fulani, na mwanamme mlango wa maabara hajaukanyaga hata siku moja. Na Suratu Shura inasema Allah humfanya amtakaye kuwa tasa, haikusema amtakaye katika wanawake.

Sasa nisikuzungushe. Haifai. Si za shemeji, si za rafiki, si za benki ya mbegu za kuagiza ulaya, na mume akiridhia au asiporidhia hukmu ni ile ile. Ridhaa yake haigeuzi mbegu za mtu mwingine zikawa zake.

Mama mkwe kashika hoja moja kwamba hakuna kulala na mtu. Kweli hakuna, na kwa hiyo hatusemi ni zina ile ya kusimamishiwa hadi, yaani adhabu ya kisheria. Lakini Mtume s.a.w. siku ya Hunayn alisema si halali kwa mtu anayemuamini Allah na Siku ya Mwisho kunyweshea maji yake mmea wa mwingine, kaipokea Abu Daud kutoka kwa Ruwayfi bin Thabit. Ilikuja kwa habari ya mateka wenye mimba, ila angalia neno lililotumika ni MAJI. Yakifika kwa kitanda au kwa bomba, yamefika. Sheikh Mahmud Shaltut wa chuo cha Azhar, Misri, alipoulizwa zamani kuhusu jambo hili alisema linakutana na zina kwenye asili moja. Na Majmaa ya Fiqhi, yaani baraza la wanazuoni wa sheria, ile ya nchi za Kiislamu yenye makao Jeddah, ilikaa Amman Oktoba 1986 ikapitia njia saba za kupandikiza, ikaharamisha tano zote ambazo mtu wa tatu anaingia, awe wa mbegu, wa yai au wa kizazi, ikaacha mbili tu kwa mwenye haja: mbegu za mume kuwekwa kwa mkewe, au mbegu za mume na yai la mkewe kukutanishwa nje, ndo huyo watu wanamwita mtoto wa chupa, kisha arudishwe kwa huyo huyo mke. Na wawe bado kwenye ndoa, sio kaacha au kafa mbegu ziko kwenye friza.

Kuhusu masheikh walioruhusu, nadhani umesoma habari za Iran. Ayatollah Khamenei, mwanachuoni wa Kishia wa huko, mwaka 1999 alitoa fatwa kwamba yenyewe si haramu endapo hakuna kuguswa na kutazamwa kwa haramu. Sisi Sunni hatuifuati hiyo, lakini hata ukiichukua isome mpaka mwisho, maana anasema mtoto hanasibishwi na mume, ananasibishwa na mwenye mbegu! Yani hata huko mtoto anakuwa wa shemeji yako. Hicho anachokitaka mama mkwe, mjukuu kutoka kwa mwanawe huyu, hakipo hata kwenye fatwa hiyo.

Halafu hili la damu ni ile ile. Dada, damu kuwa ile ile ndo tatizo lenyewe. Wewe kwa shemeji yako ni ajinabia, yaani mtu baki, kaka wa mume si maharimu wako (mtu usiyeweza kuolewa naye kamwe), na Mtume s.a.w. alipoulizwa kuhusu ndugu wa mume kuingia kwa mke akasema huyo ni mauti. Sasa fikiria Idi, shemeji kaja na watoto wake wanne, wako mkekani wanakula pilau sinia moja na wako, kila mtu anasema watoto wa ami hao, na wewe na mumeo na mama mkwe mnatazamana. Wanakua. Na huku pwani si unajua mtoto wa ami ndo wa kwanza kuposwa? Binti yako anafika miaka 20 anakuja kuposwa na kijana wa shemeji, ukoo mzima wanafurahi mali haitoki nje, na hao ni ndugu baba mmoja. Utasema nini siku hiyo? Ukisema umelipua ukoo, ukinyamaza umewaozesha ndugu. Mimi hili peke yake lingenitosha, hata nisingefungua kitabu. Na za benki ni hivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba huko humjui hata wa kumkwepa.

(Kama kuna mwengine anasoma hapa na jambo hili kashalifanya, atubie, na mtoto hana kosa, asiitwe jina baya wala asichukiwe, hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Mambo ya nasaba na mirathi yake amwendee kadhi ana kwa ana.)

Haya, sasa mfanye nini, maana kusema haramu na kukuacha hapo mlangoni si haki. Hiyo karatasi ya maabara inasema mbegu hazikuonekana kwenye kile kilichotoka, haisemi mumeo hatengenezi mbegu. Hayo ni mambo mawili na watu wengi wanayachanganya. Kuna mwanamme mbegu zake zipo, njia ndo imeziba, labda kwa maambukizi ya zamani au upasuaji. Kuna wa homoni, huyo anatibiwa kwa dawa. Kuna ambaye korodani zenyewe ziliumia, mfano aliugua matubwitubwi keshabalehe. Kipimo kimoja hakitoshi, kinarudiwa, na mbegu zinachukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa kwahiyo mtu akiugua homa kali leo majibu yanaweza kuharibika kwa muda. Mwende kwa daktari wa njia ya mkojo na uzazi wa wanaume, sio wa kina mama, apime homoni na korodani. Mbegu zikipatikana hata chache kwa sindano kwenye korodani, tangu miaka ya 1990 wanaweza kuchukua moja wakaiingiza ndani ya yai lako. Hiyo ni njia halali kabisa, zenu wenyewe. Ni ghali, sikufichi, na si lazima uuze nyumba kwa ajili yake. Muwe wakali na maabara kwenye majina ya vichupa, muulize na muulize tena, hakuna aibu.

Ikishindikana huko, kuna kulea. Mtume s.a.w. alisema yeye na mlezi wa yatima peponi hivi, akaonyesha vidole viwili. Mpitie ustawi wa jamii, mtoto abaki na jina la babake kama Suratul Ahzab ilivyosema waiteni kwa baba zao. Na mkipata mchanga chini ya miaka miwili, kama wa kike anyonyeshwe na dada wa mumeo, kama wa kiume na dada yako, manyonyesho matano yaliyotengana kwa madhehebu yetu ya Shafi, hapo kashakuwa maharimu kwenye nyumba yenu, hakuna kuvaliana mtandio akikua. Mirathi hana lakini mnaweza kumuandikia wasia mpaka thuluthi, na zawadi mkiwa hai haina kizuizi. Na ukiona moyo wako hauwezi kuishi bila kuzaa, una haki ya kuomba kuachwa kwa wema na si dhambi, ila hilo usiliamue wiki hii ukiwa na hasira za mama mkwe.

Usiache dua ya Zakariya, Rabbi laa tadharnii fardan wa anta khayrul waarithiin, muisome wote wawili sio wewe peke yako.

Na la mwisho, huyo mama mkwe usimjibu wewe. Mwambie mumeo ndo aende akakae na mamake, amwambie kwa mdomo wake kwamba haifai, na akiwa hapo hapo awaambie na wengine waliokuwa wanakusema kwamba aliyepimwa akakutwa na tatizo ni yeye, si wewe.