Mifano si mwisho wa orodha

Mmeuliza kama Mahakama ya Juu ya Kenya ilikosea Februari 2023, majaji watatu kwa wawili, iliposema wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili shirika lao. Nilishika kalamu niandike "ndiyo, ilikosea". Mimi ni Mwislamu na dini yangu iko wazi hapo. Lakini Kifungu cha 27 cha Katiba, kile kinachokataza ubaguzi, nina kisa nacho.

Mwaka 2012 kijana wangu alitimiza miaka 18. Sisi ni Wanubi wa Kibra, Nairobi, kizazi cha askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Wenzake wa darasani walijaza fomu za kitambulisho, wakachukuliwa alama za vidole, basi. Yeye akaambiwa lazima apigwe msasa, yaani ahojiwe na kamati athibitishe kuwa ni Mkenya. Nilimsindikiza mbele ya kamati na kitambulisho changu, cheti chake cha kuzaliwa, na karatasi ya marehemu baba ya kuachishwa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, aliyorudi nayo kutoka Burma. Mzee mmoja akaiinua dirishani, akaigeuzageuza kama noti ya bandia. Akamuuliza kijana baba wa babu yake kazikwa wapi. "Makaburini hapa Kibra, mzee. Twende nikuonyeshe." Kimya. Tukaambiwa turudi Alhamisi. Alhamisi karani hakuwepo. Mara ya tatu wakataka kitambulisho cha marehemu, ilhali mtu akifa kitambulisho hurudishwa kwa hao hao serikali. Miezi minane! Kazi ya ulinzi aliyoahidiwa ikachukuliwa na mwingine, na ile karatasi ikachanika kwenye mkunjo.

Katiba ilikuwa na miaka miwili, na rangi na asili ya mtu zimetajwa humo kwa majina. Hazikutufaa kitu pale. Kwa hiyo anayeniambia wapenzi wa jinsia moja hawamo kwenye orodha hiyo hanitulizi. Kifungu kinakataza ubaguzi kwa msingi wowote, ndipo kinataja mifano, na Kifungu cha 259 kinaeleza kwamba kutaja mifano si kufunga orodha. Walikataliwa jina la shirika lao 2013, wakazungushwa karibu miaka kumi. Kuzungushwa nakujua.

Basi kwenye usajili majaji hawakukosea, hata kama imenichukua ukurasa mzima kukiri. Ndoa ni jambo jingine: Kifungu cha 45 kinataka watu wa jinsia tofauti, na hukumu hiyo haikufuta kifungu cha 162 cha Sheria ya Adhabu, chenye kifungo cha miaka 14. Kitendo chenyewe sikiungi mkono, na nikiulizwa msikitini nitajibu hivyo hivyo. Nazungumzia fomu tu, na aliyeketi nyuma ya dirisha.