Vipira kwanza, waya baadaye

Ukitaka iafoni zako zitoe sauti nzuri zaidi, badilisha vipira (vile vilaini vinavyoingia sikioni), waya uache kwanza. Besi ya iafoni za kuziba sikio inategemea mzibo: kipira kisipokaza vizuri hewa inavuja, na besi ndiyo ya kwanza kupotea, hata kama iafoni zenyewe ni za bei ya kuruka. Jaribu hivi: cheza wimbo wenye gitaa la besi, kisha sukuma iafoni ndani taratibu kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, kipira ni kidogo au umbo lake halikufai. Na sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia, ni kawaida kabisa.

Kina cha kuingiza iafoni sikioni nacho kina kazi yake. Ukiingiza ndani zaidi, ule mwinuko wa sauti nyembamba karibu na masafa (kasi ya mtetemo) ya kilohezi 8 unasogea kwenye masafa ya juu zaidi, ndiyo maana "s" za mwimbaji zinaweza kuchoma kwa kipira kimoja na kutulia kwa kingine. Vipira vya sponji hupunguza kidogo ukali wa juu, ila huchakaa haraka.

Waya huleta tofauti pale ukinzani wake (kiasi unachozuia umeme) unapokuwa mkubwa vya kutosha, hasa kwa iafoni zenye draiva (spika ndogo za ndani) nyingi ambazo ukinzani wake ni mdogo na hupanda na kushuka kulingana na masafa. Hata hapo tofauti huwa ndogo. Shaba dhidi ya fedha, ukinzani ukiwa sawa? Hutasikia kitu. Nunua mwingine kama wa sasa umekatika, au unakukera shingoni.