Jibu: 46 kwenye tcp_outgoing_tos haileti kipaumbele

Ndugu, umeuliza kwa nini simu za sauti bado zinakatika ilhali umeandika 46 kwenye tcp_outgoing_tos (mpangilio wa Squid, programu ya proksi, unaoweka alama ya kipaumbele kwenye pakiti) na Squid inawaka bila kulalamika. Tatizo ni hiyo namba. 46 ni thamani ya DSCP (namba ya daraja la kipaumbele), yenye biti 6, lakini mpangilio huo unataka baiti nzima ya TOS, yaani biti 8 za kwenye kichwa cha pakiti ambamo DSCP hukaa mwanzoni. Biti 2 za mwisho ni za ECN (ishara ya msongamano wa mtandao), na Squid huzifuta, kwa hiyo 46 yako inageuka 44, yaani DSCP 11. Zidisha 46 kwa 4 upate 184, ambayo kwa heksadesimali ni 0xb8: andika 0xb8.

Kisha endesha squid -k parse usome kila mstari, hasa maonyo. Ila amri hiyo hukagua sarufi ya faili la mipangilio tu. Uthibitisho ninaouamini mimi ni pakiti zenyewe: washa tcpdump -v (zana ya kuonyesha pakiti zinazopita) kwenye seva ya proksi utafute "tos 0xb8". Ukiiona hapo na simu bado zinakatika, kagua ruta inayofuata, nyingi hufuta alama hizi.

Kumbuka pia tcp_outgoing_tos huweka alama upande wa seva za nje pekee. Kwa majibu yanayorudi kwa watumiaji, tumia clientside_tos.