Nembo za Marubani wa Manowari: Maswali Yenu

Barua za safari hii nyingi zinahusu nembo za kitambaa walizovaa marubani wa Jeshi la Majini la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Wako mnaoziita viraka. Sina ugomvi, ila kiraka huziba tundu, na hizi zilishonwa kwenye majaketi mazima ya ngozi ya mbuzi.

Nimeuziwa nembo ya kikosi cha VF-17, ile ya fuvu na mifupa. Muuzaji anasema ni ya 1944. Nitajuaje kama ni kweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Igeuze kwanza. Mwongo hujipamba usoni, mgongoni husahau. Nembo za wakati ule nyingi zilitariziwa juu ya kitambaa kizito cha sufu au cha pamba, nyingine zilichorwa kwa rangi juu ya ngozi, na pembeni zikakatwa kwa mkasi tu. Ukiona ukingo mnene uliozungushiwa uzi kama kamba, huo ni ukingo wa mashine uliozoeleka kuanzia miaka ya 1960. Ukiona na plastiki ya kugandishia kwa pasi, pole sana.

Kisha zima taa za chumbani uimulike kwa taa ya urujuanimno, kama zile za kukagulia noti. Uzi wa zamani hubaki umepoa. Uzi wa kisasa uliotiwa dawa ya kung'arisha huwaka weupe wa kibuluu. Lakini taa isiwe hakimu peke yake, maana hata nembo halali iliyofuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi itawaka. Mimi niliwahi kununua moja mchana, na usiku ikawaka kama nyumba ya harusi. Muuzaji alikuwa na kisa kitamu cha babu yake rubani, na nadhani kisa ndicho nilichokilipia. Mbuzi mwenyewe alikuwa bado kwenye gunia.

Jambo moja zaidi. VF-17, chini ya Tom Blackburn, ilirusha ndege za Corsair huko visiwa vya Solomon. Corsair maana yake haramia wa baharini, ndipo likaja fuvu. Baada ya vita fuvu hilo lilirithiwa na vikosi vingine, na VFA-103 wanalivaa hadi leo. Kwa hiyo yako inaweza kuwa nembo halisi ya jeshi kabisa, na bado isiwe ya 1944.

Hizo herufi VF, VT, VMF zina maana gani? (Msomaji, Nakuru)

V ni ndege yenye mabawa, si puto. F ni ya kupigana angani, T ya kurusha topido, B ya mabomu, P ya doria. M ikiingia katikati, kikosi ni cha Marine, wale askari wa Marekani wa kushuka pwani.

Nimeona Felix, yule paka wa katuni, kwenye nembo za vikosi viwili, VF-3 na VF-6. Ipi ni ya bandia? (Msomaji, Toronto)

Huenda hakuna. Felix akikimbia na bomu lenye utambi unaowaka alikuwa wa VF-3, kikosi cha Butch O'Hare, aliyetunukiwa Nishani ya Heshima kwa kuilinda manowari Lexington Februari 1942 na ambaye uwanja wa ndege wa Chicago una jina lake. Tarehe 15 Julai 1943 wakubwa wakavibadilishia namba vikosi hivyo: VF-3 ikawa VF-6, na VF-6 ikawa VF-3. Marubani wa O'Hare wakaondoka na paka wao. Walioirithi namba 3 nao wakashikilia kwamba paka huenda na namba. Vita vikaisha paka ana nyumba mbili.

Mwishowe namba ilishinda. VFA-31 wanaomvaa Felix leo, kwa ukoo, ni wale VF-6 wa zamani, si wale aliokuwa kwao tangu mwanzo. Kwa hiyo uliza mwaka kabla ya kuuliza namba. Felix aliyetoka kwenye jaketi la rubani wa VF-6 wa mwisho wa 1943 ni halali, hata kama muuzaji asiyejua atamuuza kwa bei ya chini akidhani ni bandia. Mimi huyo ndiye ningemtafuta.

Kwa nini ngao ya VMF-214 ina kondoo mweusi na mstari wa mshazari? (Msomaji, Mombasa)

Marubani waliokusanywa chini ya Gregory Boyington mwaka 1943 walitaka kujiita Wanaharamu wa Boyington. Wakaambiwa hakuna gazeti litakalochapisha jina hilo. Wakajiita Kondoo Weusi, kwa Wamarekani ni mtoto aliyeshindikana nyumbani. Mstari ule wa mshazari, kwenye ngao za Kizungu, watu huusoma kuwa alama ya mtoto wa nje ya ndoa. Walichokatazwa kukisema wakakichora.

Ni kweli Disney alichora nembo za jeshi? (Msomaji, Arusha)

Kweli. Studio yake ilichora zipatazo 1,200 bila malipo, kazi kubwa ikiwa ya Hank Porter na wenzake. Bata Donald aliombwa kuliko wote. Ila si kila katuni ni ya Disney. Felix, kwa mfano, si wake.

Marehemu babu alisema Tanga palikuwa na kituo cha ndege za majini za Waingereza. Nembo zake zinapatikana? (Msomaji, Tanga)

Babu hakukosea. Wajapani walipoishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) Aprili 1942, manowari za Uingereza zilihamia Kilindini, na vituo vya ndege vikafunguliwa huku kwetu. Kwa mila yao kituo cha nchi kavu hupewa jina kama meli, likitanguliwa na HMS (Meli ya Mfalme), na vya ndege mara nyingi jina la ndege wa porini: Nairobi ikawa HMS Korongo, Kilindini HMS Kipanga, na Tanga HMS Kilele. (Kilele si ndege, najua. Msiniulize mimi.)

Usitafute nembo kubwa za kifuani, maana hiyo ilikuwa desturi ya Wamarekani zaidi. Tafuta picha, barua na bahasha. Na jihadhari na tepe za kofia. Wakati wa vita utepe wa baharia wa Kiingereza uliandikwa H.M.S. tu, jina la meli likafichwa ili adui asijue nani yuko wapi. Basi atakayekuletea utepe ulioandikwa H.M.S. Kilele na kukuapia kwamba baharia aliuvaa barabarani Tanga vita vikipamba moto, mpe chai, umsindikize hadi mlangoni.