Jibu la msomaji: Nasema 2031, na sababu ya kutoiamini 2028

Swali lenu la wiki hii limeuliza ni mwaka gani binadamu atakanyaga tena ardhi isiyokuwa ya Dunia hii, na mmetutaka tueleze tumeufikiaje mwaka tuliouchagua. Mimi si mtaalamu wa anga. Ni mkadiriaji majenzi, na kwa miaka ishirini na saba sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kumweleza mwenye jengo kwamba hatahamia tarehe aliyokwisha kuwatangazia ndugu zake. Nimezaliwa 1973, kwa hiyo sijaishi hata siku moja ambayo mtu alikuwa amesimama juu ya Mwezi: wa mwisho kuondoka, Eugene Cernan, alipanda ngazi ya chombo chake tarehe 14 Desemba 1972, na tangu hapo idadi ya waliowahi kutembea kule imebaki kumi na wawili.

Jibu langu ni 2031, na nadhani kuna uwezekano mkubwa kidogo kwamba atakayeshuka ngazi siku hiyo atakuwa Mchina.

Watu wengi hudhani kwamba safari zilikoma kwa sababu ujuzi ulipotea, au kwamba hazikuwapo kabisa. Kilichokoma ni fedha. Mwaka 1966 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa likipata zaidi ya dola 4 katika kila dola 100 zilizotumiwa na serikali kuu ya nchi hiyo. Siku hizi halipati hata nusu dola. Safari tatu za mwisho za Apollo, mpango wa Wamarekani uliopeleka watu Mwezini, zilifutwa 1970 ilhali baadhi ya roketi zake zilikuwa zimekwisha kuundwa, na leo roketi hizo zimelazwa kwenye maonyesho, watalii wakipiga picha kando yake. Sisi tunaopita kila siku mbele ya mapagale tunaijua hali hiyo: nguzo zimesimama, nondo zimechomoza juu zikisubiri ghorofa ambayo mwenyewe hana tena nia wala uwezo wa kuipandisha.

Ahadi za kurudi hazikukosekana. Rais Bush mkubwa aliitoa mwaka 1989, na Bunge likakataa gharama. Mwanawe akaitoa tena 2004, akataja mwaka 2020. Obama akaufuta mpango huo 2010. Machi 2019 serikali ya Trump ikatangaza kwamba Wamarekani watatua mwaka 2024. Kisha ikawa 2025, ikawa 2026, ikawa 2027, na mwishoni mwa 2025 Rais huyohuyo akaagiza iwe 2028.

Hapo ndipo ninapotoa kalamu. Tarehe inapoahirishwa, mimi siulizi sababu kwanza, bali napima kasi ya kuahirishwa kwake. Machi 2019 ilikuwa imebaki takriban miaka mitano na miezi tisa kufika mwisho wa 2024. Mwishoni mwa 2025 ilikuwa imebaki miaka mitatu kufika mwisho wa 2028. Maana yake, muda wa karibu miaka saba umepita lakini tumeikaribia siku yenyewe kwa miaka isiyotimia mitatu. Kasi hiyo ikiendelea hivyo hivyo, miaka mitatu iliyobaki itageuka kuwa saba na kitu, nasi tutakuwa 2033. Ninapunguza kidogo, kwa sababu kazi inapokaribia mwisho visingizio hupungua na vipande vingi huwa vimekwisha kuundwa, lakini siwezi kuishusha mpaka 2028.

Sababu zenyewe nazo zina uzito. Niliwahi kukadiria jengo la ghorofa nne ambalo kila kitu kilikuwa tayari, rangi imepakwa, vioo vimewekwa, na mkandarasi ananiambia, “Wiki mbili tu, mzee.” Nikamwomba tukaangalie shimo la lifti. Tulipolipima tukakuta ni pungufu kwa sentimita kumi na moja, na lifti yenyewe ilikuwa imekwisha kuagizwa. Jengo lile lilifunguliwa baada ya miezi kumi na minne. Tangu siku hiyo, kwenye kila mradi natafuta kwanza lile jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya, kwa sababu hilo ndilo linalopanga tarehe, na mengine yote hulisubiri.

Kwa Wamarekani jambo hilo ni mafuta. Aprili 2021 NASA iliichagua kampuni ya SpaceX ijenge chombo cha kutua, na kampuni ikapendekeza kutumia Starship, chombo chenye urefu wa takriban mita 50. Ukubwa huo una gharama yake: kikifika kwenye mzunguko wa Dunia huwa kimemaliza karibu mafuta yake yote, na hakiwezi kwenda Mwezini mpaka vyombo vingine vya aina yake vipande kukijaza, safari baada ya safari, ambazo kwa makadirio mengine huzidi kumi. Kinachojazwa ni methani na oksijeni katika hali ya kimiminika, baridi kali mno, inayochemka na kugeuka mvuke taratibu kadiri inavyosubiri. Mpaka mwisho wa 2025 hakuna aliyekuwa amehamisha mafuta ya namna hiyo kwa kiasi hicho kutoka chombo kimoja hadi kingine angani. Hilo ndilo shimo la lifti.

La pili ni mavazi ya wanaanga, ambayo lazima yastahimili vumbi la kule. Vumbi la Mwezi halijawahi kusombwa na maji wala kulainishwa na upepo, kwa hiyo chembe zake ni kali kama unga wa chupa. Kwenye safari ile ya 1972 Cernan alikwangua kwa nyundo yake bawa la gurudumu la gari lao, likavunjika, vumbi likaanza kuwarukia, na yeye na mwenzake Harrison Schmitt wakalitengeneza kwa ramani nne walizoziunganisha kwa gundi ya utepe. Mafundi wenzangu wataifurahia habari hiyo. Lakini Apollo ilitua maeneo yenye jua la kutosha, ilhali safari mpya zinalenga kusini kabisa ya Mwezi, ambako jua huambaa chini na vivuli ni virefu, na barafu inayotafutwa imo ndani ya mashimo yasiyowahi kuangaziwa.

Wachina wamejipangia kazi ndogo zaidi. Roketi mbili zitaondoka: moja na chombo cha kutua, Lanyue, nyingine na wanaanga, vikutane kwenye mzunguko wa Mwezi. Hakuna kujazana mafuta njiani. Agosti 2025 walikijaribu chombo hicho mkoani Hebei, kikishuka na kupaa kikiwa kimening'inizwa kwa kamba. Wamesema watatua kabla ya 2030, nami ninawaheshimu kwa rekodi yao: kituo chao cha angani, Tiangong, kilikamilika 2022, na Juni 2024 chombo chao kisicho na watu, Chang'e 6, kilileta karibu kilo mbili za udongo kutoka upande wa Mwezi tusiouona. Hata hivyo nawaongezea mwaka mmoja na zaidi, kama ninavyomwongezea mkandarasi mwaminifu kuliko wote.

Safari za kuuzunguka Mwezi bila kutua, kama ile ya Artemis II ya NASA, sikuzihesabu, kwa kuwa mmeuliza kukanyaga.

Kuhusu sayari ya Mirihi nitasema machache. Elon Musk, mwenye SpaceX, alisema 2016 kwamba watu wangeondoka 2024, na mwaka huo ulipita bila hata mzigo mtupu kutumwa. Mlango wa safari, yaani wakati Dunia na Mirihi zinapokaa vizuri kwa kuondoka, hufunguka kila baada ya miezi 26, hewa ya kule haifikii asilimia moja ya unene wa hewa yetu, na vitu vizito zaidi vilivyokwisha kutuliwa salama, kama gari la Perseverance mwaka 2021, vina takriban tani moja. Watu, chakula chao na roketi ya kuwarudisha ni makumi ya tani. Kabla ya 2045 sitarajii.

Makadirio mazuri husema pia ni nini kitakachoyabadilisha. Ikiwa kabla ya mwisho wa 2027 Starship itakuwa imejazwa mafuta angani na kutua Mwezini bila watu, ikapaa tena, basi nimekosea na mwaka wangu nitaushusha hadi 2029. Ikiwa roketi mpya ya Wachina itakuwa bado haijapeleka chombo cha watu angani wakati huo, nitaupandisha hadi 2033.