"Enough" na "adequate": yaangalie kabla hujaandika barua ya kazi

Nawafundisha Kiingereza vijana wa hapa Kigoma wanaotembeza wageni, wengi wao wa Ujiji na Kibirizi, kule zinakoanzia boti za Gombe. Neno linalowasumbua sana ni "enough". Hutamkwa "inaf", kwa sababu gh yake husomwa f, kama kwenye "laugh" na "cough".

Kiswahili huweka "kutosha" nyuma siku zote: dagaa wa kutosha, boti kubwa ya kutosha. Kiingereza kinagawa. Likiambatana na kivumishi, "enough" hukaa nyuma kama letu: "The boat is big enough." Likiambatana na nomino, hutangulia: "We have enough fuel." Wengine wakishaishika hiyo ya nomino huibandika kila mahali, ndipo unasikia "enough big". Mimi huwaambia wajiulize: je, ninachotaja ni kitu cha kuhesabu au kupima, kama mafuta, muda au maji? Kama ndiyo, "enough" itangulie.

Kuna na hili la mezani. Mgeni akisema "I've had enough, thank you", ameshiba, mwondolee sahani. Lakini boti imechelewa, jua linawaka, halafu anasema "I've had enough of this": huyo amechoshwa. Acha unachofanya umsikilize.

Linaloniuma zaidi ni "adequate", kwa sababu linawanyima vijana wazuri kazi. Kamusi inasema "ya kutosha", basi kijana anaandika kwenye barua ya kuomba kazi hotelini: "My English is adequate." Anadhani amejisifu. Mwenye lugha yake anaelewa kwamba Kiingereza cha huyu kinapita kwa shida, si kibaya, si kizuri. Kwa vitu halina ubaya. "Adequate lighting" ni mwanga unaokidhi haja. Ukisema uwezo wa mtu, liache. Andika "My English is good", kisha taja kazi yenyewe: "I guide visitors in English every week." Sentensi hiyo ya pili ndiyo inayomfanya mwajiri akuite.

"Sufficient" nayo ina maana hiyo hiyo ya kutosha, ila ni ya mikataba, fomu na barua za ofisini. Ukiwa ziwani na wageni, sema "enough".